Randa za Kale na Mbao za Mwaloni: Kazi Ianzie Wapi

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni seremala, nilijifunzia kazi Tanga nikitumia mninga na mvule, na sasa ninaishi Sheffield, Uingereza. Jirani yangu mzee ameniachia kasha la randa za kale: randa za chuma namba 4, namba 5 na namba 7, zote zimeshika kutu, pamoja na jozi ya randa za mbao za kuchonga ulimi na mfuo. Nimenunua pia mbao za mwaloni zenye unene wa milimita 30 kutoka kwa mpasuaji wa magogo huko Derbyshire. Ananiambia zilipasuliwa miaka miwili iliyopita na zimekaa nje chini ya paa, kwa hiyo ni kavu. Nataka kuzitandika katika chumba cha mita 4 kwa 3.5 badala ya sakafu ya msonobari iliyochakaa, ambayo imepigiliwa juu ya boriti. Mashine sina, wala nafasi ya kuiweka sina. Je, randa hizi zinaweza kurudishwa kazini, na nianze na lipi?"

Marahaba, ndugu yangu. Randa zako zinaweza kurudishwa kazini, na kwa chumba cha ukubwa huo zinatosha bila mashine. Hiyo jozi ya ulimi na mfuo, ambayo randa moja huchonga ulimi kwenye ukingo wa ubao na nyingine mfuo wa kuupokea kwenye ubao wa pili, kama zote mbili ni za kipimo kimoja, ni bahati kubwa, kwa sababu mara nyingi jozi hizo hutengana na moja hupotea. Hata hivyo, jambo litakaloamua kama sakafu yako itatulia au itafunguka katika mwaka wa kwanza limo ndani ya mbao zenyewe. Kwa sababu hiyo nitaanza na ukavu wa mbao, ambao ni wa kushughulikiwa wiki hii, kisha nitazigeukia randa, maana utapata muda wa kutosha wa kuzitengeneza mbao zikiwa zinaendelea kukauka.

Mpasuaji wako hakukudanganya. Wapasuaji wa Uingereza huhesabu tangu zamani mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene, na ubao wa milimita 30 uliokaa miaka miwili umefikia ukavu wote unaoweza kupatikana nje. Tatizo ni kwamba ubao haukauki kupita hewa inayouzunguka. Hewa ya nje ya Uingereza huuacha mwaloni na unyevu wa kati ya asilimia 15 na 18, hata ukikaa miaka mingi zaidi, ilhali ndani ya nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi unyevu huo hushuka hadi kati ya asilimia 8 na 12. Safari hiyo ya kushuka ni lazima mbao ziifanye, ama kabla hujazipigilia misumari ama baada yake.

Mwaloni hupungua upana sana unapokauka. Ubao uliopasuliwa kwa mpasuo wa kawaida, ambao ukiutazama kwenye kichwa utaona miviringo ya mti imelala karibu sambamba na uso, hupungua upana kwa takriban asilimia 0.36 kwa kila asilimia moja ya unyevu unaopotea. Chukua ubao wa milimita 150 unaoshuka kutoka asilimia 16 hadi asilimia 10: utapungua kwa zaidi ya milimita 3. Chumba chako kitakuwa na safu zipatazo 24 za mbao, na kila mahali zinapokutana utaona ufa wa upana huo, huku ulimi wa ubao ukichungulia nusu nzima. Ubao uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo, ambao miviringo yake imesimama wima, hupungua kwa nusu ya kiasi hicho tu, na ndio unaoonyesha zile alama za kung'aa zinazokatiza nyuzi. Mninga na mvule ulizozizoea Tanga ni miongoni mwa mbao tulivu kabisa duniani, na fundi aliyekuzwa nazo anaweza kufanya kazi miaka mingi bila unyevu kumletea hasara. Mwaloni hautakuvumilia hivyo.

Pima unyevu mwenyewe. Kipimo cha sindano cha bei nafuu kitakusaidia ukikichoma kwenye uso uliokatwa sasa hivi katikati ya ubao, lakini ipo njia ya uhakika zaidi isiyohitaji kununua chochote. Kata kipande cha upana wa vidole viwili kutoka kwenye ubao mmoja, angalau sentimita 30 kutoka kichwani, kwa kuwa vichwa hukauka mapema na vitakupa jibu la uongo. Kipime hapohapo kwenye mizani ya jikoni, kisha kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 hivi, ukikitoa na kukipima kila baada ya saa chache hadi uzito usishuke tena. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 230 kikaishia gramu 200 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Fanya hivyo kwa mbao tatu zilizotoka sehemu tofauti za rundo, wala usitosheke na ubao mmoja wa juu uliopigwa na upepo kuliko wenzake.

Baada ya hapo ziingize mbao katika chumba kilekile zitakamotandikwa. Zipange kwa kutenganisha kila safu na nyingine kwa vijiti vikavu vya msonobari vya unene wa milimita 20 hadi 25, umbali wa sentimita 40 kutoka kijiti hadi kijiti, na uhakikishe kwamba vijiti vya safu zote vimesimama katika mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Kijiti kilichokaa kando ya mwenzake huupinda ubao, na pindo hilo utalilipia kwa randa baadaye. Weka mzigo juu ya rundo, liache mbali na kipasha joto, na uwashe joto la nyumba kama kawaida ya maisha yenu. Kwa unene huo tarajia miezi miwili hadi mitatu. Fundi mwenye hamu ya kuanza hawezi kupenda kusikia hivyo, lakini sijui njia ya mkato ninayoweza kukushauri kwa moyo safi. Kipande kimoja cha mbao kiwe shahidi wako: kipime kila wiki, na uzito wake ukiacha kubadilika, mbao zimefika.

Sasa tuzitazame randa. Randa zote tatu za chuma, kwa namba ulizozitaja, ni za muundo ule ambao Mmarekani Leonard Bailey aliupatia hataza katika miaka ya 1860 na kampuni ya Stanley ikaununua mwaka 1869. Mji unaoishi wewe ulikuja kuwa mmoja wa miji mikuu ya kuzitengeneza, kwani kampuni ya C. & J. Hampton ilizitoa Sheffield kwa jina la Record tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Stanley yenyewe ikaanzisha kazi hapohapo muda mfupi baadaye. Faida ya historia hiyo kwako ni ya vitendo: visu, mabamba na vishikio vya randa za muundo huu huingiliana kwa kiasi kikubwa, na katika masoko ya vitu vya kale ya Sheffield vipuri havikosekani. Skrubu ni habari nyingine. Nyuzi za baadhi ya skrubu za Stanley hazifuati vipimo vya madukani, kwa hiyo usitupe hata moja, hata ile iliyoliwa na kutu kichwani.

Kabla hujaanza kusugua, tafuta ufa. Chuma cha kusubu hakipindi, huvunjika, na randa iliyowahi kuanguka mara nyingi huwa na ufa mwembamba unaotoka kwenye pembe ya mdomo, yaani tundu la chini ambamo kisu hutokea, na kupanda ubavuni, uliofichwa na kutu na uchafu. Futa eneo hilo kwa mafuta ya taa, likaushe kwa kitambaa, kisha subiri dakika chache: kama kuna ufa, mafuta yatajitokeza tena katika mstari. Randa namba 7 yenye ufa mdomoni sikushauri uipotezee muda, kwani uso wake wa chini hautakaa sawa. Ufa mdogo kwenye kishikio cha mbao, kinyume chake, ni jambo la gundi na kamba ya kukazia usiku mmoja.

Zifungue moja baada ya nyingine, na vipande vya kila randa viwe na chombo chake. Skrubu zilizokwama zitie mafuta ya kupenyeza na uziache hadi kesho yake, kisha tumia bisibisi inayojaza mfuo wa skrubu kutoka ukingo hadi ukingo. Ukifika kwenye lile gurudumu la shaba la kuteremsha na kupandisha kisu, kumbuka kwamba nyuzi zake ni za mkono wa kushoto, hivyo hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ambao mkono wako umezoea kukazia. Wengi hulishika kwa koleo na kulilazimisha upande usio wake, na shaba laini hukatika.

Kutu ina viwango. Ile ya juujuu, ya unga mwekundu, huondoka kwa mafuta ya taa na msasa wa maji namba 320, na hapo ndipo ninapopenda kuishia kwa sababu chuma hubaki na rangi yake ya uzee. Vipande vidogo, yaani skrubu, bamba la kisu na kikazio cha juu, vinaweza kulala usiku mmoja kwenye siki nyeupe, kisha vikasuguliwa kwa brashi, vikaoshwa kwa maji yenye magadi ili asidi ikome, vikakaushwa kwa joto na kupakwa mafuta siku hiyohiyo. Mwili wa randa sipendi uingie kwenye siki kwa muda mrefu, kwa kuwa siki ikishamaliza kutu huanza kukila chuma chenyewe. Ikiwa mwili umeshikwa vibaya, tumia umeme: ndoo ya plastiki yenye maji na magadi ya kufulia, chaja ya betri ya volti 12, waya hasi kwenye randa na waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida ambacho hukihitaji tena, vyuma hivyo viwili visigusane. Njia hii huondoa kutu bila kukila chuma chenyewe. Fanya kazi hiyo nje, kwani hutoa hidrojeni inayoweza kulipuka, zima chaja kabla ya kuingiza mkono, na kamwe usitumie chuma cha pua kwenye waya chanya, maana maji yatabaki na kromiamu yenye sumu kali. Rangi nyeusi ya ndani ya randa iache ilivyo kama haibanduki.

Kazi kubwa ambayo wengi huifanya bila sababu ni ya kusawazisha uso wa chini wa randa hadi ung'ae wote. Uso huo unahitaji kuwa katika usawa mmoja mahali patatu tu: ncha ya mbele, ukingo ulio mbele kabisa ya mdomo, na kisigino. Kati ya sehemu hizo bonde dogo halidhuru. Bandika msasa namba 80 juu ya kioo kinene au ubao wa mawe ulionyooka, rudisha kisu na kikazio mahali pake na kukaza kama wakati wa kazi, lakini kisu kikiwa kimepandishwa ndani, kwa sababu mkazo huo huupinda mwili wa randa kidogo na tunataka kuusawazisha ukiwa katika hali ya kazi. Chora mistari ya wino kwenye uso wote, sukuma mara kadhaa, kisha tazama mahali wino ulipofutika. Wino ukishaondoka mahali patatu nilipopataja, hamia msasa namba 120, kisha 240, na uishie hapo. Ukiona ukingo wa mbele ya mdomo haufikiwi kabisa, endelea, kwa maana sehemu hiyo ndiyo inayozikandamiza nyuzi kabla kisu hakijazifikia, na mwaloni usiokandamizwa hunyofoka.

Muda uliouokoa hapo upeleke kwenye kisu. Geuza mgongo wake, yaani upande bapa, na uusugue kwenye kinoo hadi sehemu ya milimita 10 iliyo karibu na makali ing'ae kutoka pembe hadi pembe. Mashimo ya kutu yaliyo juu zaidi ya hapo hayana madhara, lakini shimo moja linalofika kwenye makali litaacha mstari kwenye kila ubao utakaoupitia. Mashimo yakiwa mengi, nunua kisu kipya bila kujilaumu. Ukilazimika kurudisha pembe kwa jiwe la umeme, chovya kisu majini kila sekunde chache. Chuma hiki cha zamani hupoteza ugumu wake kikishageuka rangi ya buluu, na hapo makali hayatadumu tena mpaka sehemu yote iliyoungua isagwe. Pembe ya kusaga iwe nyuzi 25 na ya kunolea makali nyuzi 30. Kinoo cha namba 1000 kikifuatiwa na cha 6000 vinatosha, kisha ngozi.

Umbo la makali litofautiane kwa kila randa, na hapa ndipo randa tatu zinapogeuka kuwa timu. Namba 5 ni ya kuondoa mbao nyingi kwa haraka, hivyo makali yake yachongwe kwa mviringo unaoonekana kwa macho, wa nusu kipenyo cha sentimita 25 hivi. Namba 7, ambayo ina urefu wa sentimita 56, ni ya kunyoosha, nayo makali yake yawe karibu yamenyooka. Namba 4 ni ya kumalizia: makali yanyooke, pembe zake mbili tu zipunguzwe zisiache ngazi kwenye ubao. Lile bamba dogo linalolala juu ya kisu lisuguliwe ncha yake mpaka likutane na kisu bila mwanga kupita, kwa sababu uwazi hata mwembamba kama unywele hukamata maranda na kuziba mdomo. Kwenye namba 4 lisogeze hadi kiasi cha milimita 0.2 kutoka kwenye makali, unene wa karatasi mbili za daftari. Kwa mwaloni wenye alama za kung'aa hakuna marekebisho mengine yanayofanya kazi kubwa kama hilo: maranda yatavunjwa na kusimama wima badala ya kujikunja, na ubao utatoka laini hata pale nyuzi zinapogeuka.

Randa za mbao zisiguswe na siki wala maji. Zifute kwa kitambaa chenye mafuta ya kitani kidogo, zinoe visu vyake bila kubadilisha upana, na tazama namba iliyogongwa kwenye kichwa. Mara nyingi utakuta sehemu ya inchi, kwa mfano 7/8, ambayo ni milimita 22, nayo ndiyo unene wa ubao ambao jozi hiyo ilikusudiwa. Chonga ulimi na mfuo kwenye vipande viwili vya taka kabla ya kuzipeleka kwenye mbao ulizozigharimia: ulimi uingie kwa mkono bila nyundo, na uwe mfupi kidogo kuliko kina cha mfuo.

Mbao zikishatulia, usianze kuzipiga randa pande zote nne. Mafundi waliotandika sakafu za nyumba za kale za Uingereza hawakufanya hivyo. Walilainisha uso wa juu, wakanyoosha kingo mbili, na upande wa chini wakauacha na alama za msumeno. Pale tu ubao ulipokatiza boriti ndipo walipouchonga kwa tezo upande wa chini hadi unene uliotakiwa, ili nyuso za juu zikutane. Ukifunua sakafu ya zamani leo bado utaziona hizo alama za tezo, moja kwa kila boriti. Wewe uliyetoka Tanga na kuona tezo ikifanya kazi kwenye majahazi utaifanya kwa urahisi, na namba 5 ikipigwa kukatiza nyuzi inaweza kuifanya pia. Kwa chumba chako njia hii inaokoa karibu nusu ya jasho. Mbao ulizonunua zina milimita 30. Kama sakafu ya msonobari ilikuwa na milimita 22, basi 22 ndiyo iwe unene juu ya boriti, mlango wako usihitaji kukatwa, na kati ya boriti ubao ubaki mnene unavyotaka.

Hesabu mbao kabla ya kuanza. Ulimi hula takriban milimita 6 za upana wa kila ubao, hivyo ubao wa milimita 150 hufunika 144 tu. Kwa mbao za urefu wa mita 2.4, mita 14 za mraba zitahitaji 41, na ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mafundo, nyufa za vichwani na vipande vya kukatwa, ziwe 45. Zile zilizosokotwa kuliko zote zitenge mapema kwa ajili ya vipande vifupi vya pembeni, kwa kuwa msokoto wa ubao mrefu ukikatwa mara tatu hugeuka kuwa kitu kidogo.

Ili kuupima msokoto, weka vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, kimoja kila kichwa cha ubao, kisha inama utazame kingo zake za juu kwa usawa wa jicho. Pembe mbili zitakazoonekana kupanda ndizo za kuanza nazo. Piga namba 5 kwa kukatiza nyuzi au kwa mshazari, kwani huko haina nguvu ya kunyofoa na huondoa mengi kwa pigo moja. Lakini kwanza parua ukingo wa upande wa mbali, ili nyuzi za mwisho zisipasuke randa inapotoka. Uso ukikaribia usawa, shika namba 7 na ufuate urefu. Sugua nta ya mshumaa kwenye uso wa chini wa randa kila baada ya muda mfupi, na mikono yako itajua tofauti. Soma mwelekeo wa nyuzi kwenye ubavu wa ubao na upige kuelekea zinakopanda. Namba 4 usiitumie sasa, isubiri hadi mbao ziwe zimepigiliwa, maana hata ukifanya kazi kwa uangalifu wote, nyuso zitapishana kidogo kwenye mishono na utalazimika kuzipitia tena.

Ukingo unyooshwe kwa namba 7, ubao ukiwa umebanwa kwenye jiliwa, na guni, yaani kipimo cha pembe mraba, litumike kila mara. Ninapendelea ukingo wa upande wa mfuo uegemee ndani kidogo sana kuelekea chini, kiasi cha unywele, ili midomo ya juu ikutane ya kwanza na mshono ufungwe vizuri machoni. Kisha chonga ulimi na mfuo, siku zote uzio wa randa, yaani ukingo wake unaoongoza mwendo, ukiegemea uso wa juu. Hili ndilo linalokuruhusu kuacha unene tofauti chini, kwa sababu ulimi wa kila ubao utakuwa umbali uleule kutoka juu hata kama mmoja una milimita 25 na mwingine 27. Kitakachokusumbua ni kwamba randa ya ulimi ya milimita 22 haifiki chini ya ubao mnene na huacha ukuta mwembamba usiokatwa. Parua pembe ya chini ya ukingo huo kwa mshazari kwanza, na ukuta hautakuwepo.

Jambo moja la mwaloni lisilojulikana kwa mtu wa mninga ni chuki yake na chuma. Mwaloni una tanini nyingi, na tanini ikikutana na chuma pamoja na unyevu hutoa doa la buluu-nyeusi linalozama ndani ya mbao. Unga wa kutu ulioshuka kwenye randa, nyuzi za pamba ya chuma, jasho la mkono ulioshika tupa, vyote vinatosha. Kwa hiyo kazi ya kusafisha randa isifanyike kwenye chumba chenye mbao, meza ifutwe kabla ya kubadilisha kazi, na misumari iwe ya chuma cha pua. Doa likitokea, asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa majini huliondoa, lakini ni sumu: vaa glavu, suuza uso kwa maji safi, na usiipige msasa sehemu hiyo kabla haijasuuzwa, vumbi lake lisiingie puani. Vumbi la mwaloni lenyewe si la kuchezea, kwani vumbi la mbao ngumu huhusishwa na saratani ya pua. Hapo randa ina heri kuliko mashine ya msasa, kwa sababu inatoa maranda na vumbi dogo tu.

Katika kutandika, acha nafasi ya milimita 12 hadi 15 kwenye kuta zote na uifunike kwa skatingi iliyopigiliwa ukutani, isishikane na sakafu. Kabla ya ubao wa kwanza, chungulia chini ya boriti uhakikishe kwamba matundu ya hewa kwenye ukuta wa nje hayajazibwa na udongo wala na mtu aliyekuwa anaikimbia baridi, kwani unyevu uliofungiwa chini ya sakafu utazivimbisha mbao ulizozikausha kwa miezi mitatu. Toboa tundu dogo kwanza, kisha pigilia msumari kwa mshazari kupitia ulimi katika kila boriti. Mwaloni uliokauka hupasuka ukilazimishwa. Tazama pia msimu. Hata baada ya kutulia, ubao wa milimita 150 utapanuka na kupungua kwa milimita 1 hadi 1.5 kati ya kiangazi na majira ya baridi. Ukitandika wakati wa baridi, joto la nyumba likiwaka na mbao zikiwa katika ukavu wao wa mwisho, acha uwazi wa unene wa kadi ngumu kwenye kila mshono. Ukitandika Agosti, zibane.

Namba 4 sasa ipite kwenye mishono, maranda yawe membamba ya kupitisha mwanga, kisha paka mafuta ya sakafu yenye nta. Tabaka mbili nyembamba zinatosha, na kila tabaka ifutwe ziada yake baada ya robo saa. Matambara yaliyotumika usiyafinyange na kuyatupa kwenye ndoo ya taka, kwa sababu mafuta ya aina hii, hasa ya kitani, yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kujiwasha lenyewe usiku nyumba ikiwa imelala. Yatandaze nje juu ya zege hadi yawe makavu kabisa, au uyazamishe kwenye ndoo ya maji siku hiyohiyo kabla hujafunga chumba.